Wape Wachezaji Uso, Mashine Ipe Mguu

Sebene halina subira. Mwimbaji akishanyamaza, rapa akishaanza kuwataja waliokaa meza ya mbele, mpiga solo ana mapigo manne tu ya kuingia. Na hapo ndipo, hapa Mpanda, kuanzia Makanyagio hadi Kashaulili, utamkosa bwana solo mahali pake. Ameinama. Mgongo ameuelekeza kwa watu, makalio ameyaelekeza kwa wazee wa ukoo wa bibi harusi, na yeye yuko chini anabonyeza vitufe kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Anapoinuka, sauti aliyoitaka ameipata. Wachezaji wamekwisha kukaa.

Mwongozo huu una kazi moja: kumzuia asiiname.

Nawaandikia wapiga gitaa wa Katavi. Wapo wa bendi zinazokodiwa kwenye harusi na kwenye sherehe za msimu wa malipo ya tumbaku. Wapo wa kwaya za Katumba na Mishamo, ambako watoto na wajukuu wa waliokimbia Burundi mwaka 1972 wamekulia ndani ya nyimbo za kanisa. Wapo wa Karema, ambako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo na magitaa yake. Wengi wao siku hizi wana kile kiboksi cha efekti: Zoom, Boss, NUX, Valeton, kimefika kwa basi kutoka Kariakoo au kwa treni ya Kaliua, mara nyingi kikiwa kimeshapita mikono ya watu wengine. Ndani yake kuna korasi, eko, riverbu, distoshani, wawa na amplifaya za kuigiza kwa makumi. Nakipenda kiboksi hicho kwa moyo wote. Ila waliokitengeneza walimfikiria mpiga gitaa mwenye meza, taa nzuri na usiku mzima wa kukaa peke yake, na saa ya sebene hakuna mwenye vitu hivyo.

Mwaka 1970 mpiga solo Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo, Ikutaro Kakehashi akaanzisha kampuni ya Roland, ambayo ndiyo iliyozaa jina la Boss. Mwaka 1976 ikatoka CE-1, pedali yao ya korasi. Kwa maneno mengine, Mbaraka alikuwa amekwisha kuwainua watu vitini kabla korasi ya pedali haijazaliwa. Mpiga solo anayechukua hatua ya kwanza ya mwongozo huu na alikumbuke hilo kila anapotamani kuongeza efekti ya saba. Solo linatoka vidoleni. Mashine inalivalisha tu.

Usitunge sauti kitandani

Chanzo cha kuinama stejini ni kile kilichofanyika chumbani wiki nzima. Kijana amekaa kitandani, amechomeka spika za masikioni, anatunga sauti ya solo kwa upole ili asiwaamshe wenye nyumba. Inamnoga. Besi imejaa, trebo inametameta. Anaihifadhi, anaipa jina la mchumba wake. Jumamosi anaipiga kwenye spika kubwa za ukumbi na sauti ileile inanguruma chini, inachoma masikio juu, na katikati haipo kabisa. Ndipo anapoanza kuinama.

Sababu ya jambo hili inajulikana tangu mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walipochapisha vipimo vyao vya usikivu wa binadamu. Sauti ikiwa ndogo, sikio letu halisikii vizuri besi na trebo. Ikiwa kubwa, linazisikia zote mbili kwa nguvu. Kwa hiyo anayetunga kwa sauti ndogo huongeza besi na trebo ili masikio yake yaridhike, kisha ukumbini spika zinamrudishia kila alichoongeza pamoja na riba.

Dawa ni kutunga sauti kwa ukubwa uleule utakaoupiga, kwenye spika zilezile, na besi na ngoma zikiwa zinalia pembeni. Ukiwa mtu wa kwaya una bahati kuliko watu wa bendi, maana spika za kanisa ziko palepale kila siku ya mazoezi. Ukiwa wa bendi, mwombe fundi mitambo akufungulie mapema siku ya shughuli, wakati wapambaji bado wanafunga vitambaa. Fundi mitambo ni mtu wa kuheshimiwa; mfikie na soda baridi, kisha ndipo useme shida yako.

Hapo punguza chini. Waya mnene wa gitaa, ukiwa wazi, unalia kwenye hezi 82 hivi, na kila kilicho chini ya hezi 100 ni shamba la mpiga besi na dramu kubwa. Waachie. Punguza pia juu, kuanzia hezi 5,000 au 6,000, kwa sababu spika halisi ya amplifaya ya gitaa haipandi sana kupita hapo. Kisha inua katikati, baina ya hezi 500 na 2,000. Ukiwa peke yako sauti hiyo itakukera, utaiona imebana puani. Bendi nzima ikiingia, utasikika hadi kwa wanaochoma nyama nje, kwa sababu hapo ndipo gitaa linapopita kati ya kinanda na rapa.

Kuna kisanduku kimoja cha menyu ambacho wengi hawakifungui: cha kuiambia mashine imechomekwa wapi. Kwenye amplifaya ya gitaa, zima spika ya kuigiza. Kwenye miksa moja kwa moja, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya shughuli zetu nyingi, iwashe. Mpangilio huu ukikosewa, hakuna ikwalaiza itakayokuokoa, na utakesha ukimlaumu fundi mitambo bure.

Pachi tatu

Pachi ni sauti uliyoitunga ukaihifadhi kwa namba. Mashine inakupa nafasi za pachi kwa makumi au mamia. Tumia tatu.

Ya kwanza ni ya kusindikiza: safi, na korasi kidogo. Ya pili ni ya solo: ileile ya kwanza, imeongezwa desibeli 3 hivi na eko fupi. Ya tatu ni ya nyimbo za polepole, ya kuingiza maharusi au ya wakati wa sala, yenye riverbu ndefu. Zipange zifuatane ili mguu usivuke hata pachi moja ya katikati usiyoitumia, kwani mguu unaovuka pachi ya katikati huitangaza kwa ukumbi mzima. Majina yaandike kwa herufi kubwa: SINDIKIZA, SOLO, POLE. Jina la mchumba hutalisoma gizani, na wachumba hubadilika.

Bado tatu ni nyingi kwa mtu mmoja, na hapa ndipo penye siri iliyonifaa kuliko zote. Mashine nyingi zikibadilisha pachi hukaa kimya kwa sehemu ndogo ya sekunde, maana zinapakia sauti mpya. Na mkia wa eko ya pachi ya zamani hukatwa. Katika wimbo wa taratibu hakuna atakayejua. Katika sebene, pengo hilo linaangukia palepale mchezaji alipoinua kiuno. Badala ya kubadilisha pachi, weka mashine katika hali ile ambayo kila swichi inawasha na kuzima efekti ndani ya pachi moja. Korasi iko muda wote. Unapokwenda kwenye solo, unakanyaga swichi moja tu inayoongeza nguvu na eko. Hakuna kimya, hakuna mkia uliokatwa, na macho yako yamebaki kwa watu.

Ukiwa unanunua sasa, ubora wa sauti uuangalie baada ya kuangalia vitufe. Boss ME-80 ina vitufe vya kuzungusha kwa karibu kila efekti, unaviona vyote kwa pamoja bila kuingia menyu. Mashine ndogo ya menyu inaweza kuwa na sauti nzuri zaidi na bado ikakushinda stejini, kwa kuwa korasi imekaa ukurasa wa tatu. Line 6 walipoitoa Helix mwaka 2015 waliweka swichi zinazohisi kidole kikizigusa, na hali ya kuhariri kwa miguu mitupu: unachagua efekti kwa swichi, unaongeza au kupunguza kwa pedali ya kukanyaga. Bei yake haijazoea mifuko ya Mpanda. Lakini wazo lake lichukue: pedali ya kukanyaga ya Zoom G1X Four au ya Boss GT-1 inaweza kufungwa kwenye kiasi cha riverbu au cha eko. Mhubiri akianza kuombea, unaikanyaga taratibu na gitaa linapanuka. Akisema amina, unairudisha. Kwaya nzima itadhani umeiva kiroho, na huenda ni kweli.

Viboksi vipya vinavyohaririwa kwa simu kupitia Bluetooth ni vizuri sana mazoezini. Stejini simu iweke katika hali ya ndege kisha uiwashie Bluetooth peke yake. La sivyo, shangazi yako atapiga katikati ya solo kukuuliza umevaa nini, na yule aliyeamua kukutunza kwa kukutumia fedha kwenye simu atakutaka usome ujumbe palepale, mbele yake, kuthibitisha kwamba imeingia.

Eko na mpiga dramu aliyetunzwa

Hesabu ya eko ni moja tu: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 unataka milisekunde 500. Ukitaka eko inayoruka katikati ya mapigo, chukua robo tatu yake, 375. Ziandike kwenye karatasi ya orodha ya nyimbo.

Lakini mpiga dramu akishapata noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, mapigo 120 huwa 132. Eko sahihi sasa ni takriban milisekunde 455, nayo mashine yako bado inarudia kila baada ya 500. Kufikia marudio ya nne umeachwa nyuma kwa milisekunde 180 hivi, na sebene zima linasikika limelewa. Usimlaumu mpiga dramu, fedha ile ni halali. Kama mashine ina swichi ya kugonga mapigo kwa mguu, igonge mara nne kwa kufuata dramu kubwa, ukiwa umesimama wima na tabasamu usoni. Kama haina, tumia eko fupi ya milisekunde 80 hadi 120 yenye rudio moja au marudio mawili. Hiyo haijali mwendo. Inalinenepesha gitaa, basi, na kwa muziki wetu wa magitaa yanayojibizana inatosha.

Umeme una maoni yake

Mpanda iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na yeyote aliyekulia hapa anajua kuisoma taa inayofifia. Mpiga gitaa ana sababu moja zaidi ya kuisoma. Mashine ya efekti ni kompyuta. Mara nyingi sauti unayoihariri inakaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi uibonyezee kuhifadhi. Umeme ukikatika hata kwa kufumba jicho, mashine inazimika, inawaka upya na kukurudishia sauti ya zamani. Yale uliyoyainamia nusu ya wimbo yamekwenda. Katika mashine nyingi, hata kuhama pachi na kurudi kunafuta vilevile. Kwa hiyo: hariri, hifadhi, kisha ndipo ujisifu.

Jenereta dogo la shughuli lina tabia nyingine. Dramu kubwa ikipigwa na amplifaya zikavuta, volti hushuka na mngurumo hupanda kwenye waya za gitaa. Jitenge na jenereta kwa betri. Zoom G1 Four na G1X Four zinakwenda kwa betri nne za AA, na zinakubali pia umeme wa USB, maana yake powabenki ya simu yako inaweza kuziendesha. Boss GT-1 inatumia betri nne za AA, ME-80 sita. Weka betri mpya asubuhi ya shughuli, na seti ya akiba iwe kwenye mkoba wako mwenyewe. Mkoba wa mwimbaji una mambo mengi.

Adapta nayo iangalie kwa heshima. Zoom na Boss za aina hizi zinataka volti 9, na hasi ikiwa katikati ya tundu. Mchoro wake upo nyuma ya kiboksi. Adapta nyingi za vinanda vya Yamaha zinatoa volti 12 na chanya ndiyo iliyo katikati, nazo zinaweza kuingia tunduni bila shida yoyote. Shida inaanza sekunde inayofuata. Duka la kukuuzia mashine nyingine liko Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Funga utepe mwekundu kwenye adapta yako, na umkatalie mpiga kinanda kwa upendo.

Iweke mkono ufike

Ushauri huu hauna gharama na ndio unaopuuzwa zaidi. Kama mashine haina lazima ya kukanyagwa, iondoe chini. Geuza kreti mbili za soda, zipange moja juu ya nyingine, funika kwa kitenge, weka mashine juu, usawa wa kiuno. Mkono unafika, macho yanashuka kidogo tu, na mgongo unabaki umenyooka mbele ya wakwe. Watu wa kutunza hawataikanyaga, watoto hawataruka juu yake, na mirinda ya mpambe wa bibi harusi itamwagika sakafuni kwa amani. Swichi za kukanyagwa zikihitajika, tafuta pedali ndogo ya ziada inayochomekwa kwa waya, ndiyo ikae chini.

Vitufe vitie alama kwa wino mweupe wa kufutia maandishi: nukta moja inayoonyesha mahali pake pa kawaida. Mtu akikuzungushia kwa bahati mbaya, utarudi nyumbani kwa sekunde moja. Kama mashine ina kufuli ya vitufe, ifunge. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba vumbi letu jekundu halina adabu, kwa hiyo safari ya Inyonga au Majimoto mashine iende ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, isiende mapajani mwa kondakta.

Ikiharibika katikati ya wimbo

Itaharibika siku moja. Mikono na ifuate utaratibu huu, na usiruke hatua.

Anza na gitaa lenyewe. Sauti imechoma? Punguza kitufe cha toni kwenye gitaa. Imefifia? Ongeza volyumu ya gitaa, au hamisha swichi ya pikapu. Mambo mengi sana yanayowafanya watu wapige magoti yanamalizwa na vitufe hivi viwili vilivyo sentimita chache kutoka kidole chako cha mwisho, na nasikitika kuona gitaa zuri ambalo kitufe chake cha toni kimegandishwa na kutu kwa kutoguswa.

Ikishindikana, mpe ishara mpiga ridhimu. Ishara hiyo mkubaliane mazoezini. Kuinamisha kichwa kushoto mara moja kunatosha. Yeye atabeba, naye mpiga besi ataongeza. Wewe zima efekti zote ubaki na gitaa tupu. Gitaa tupu lililo sawa linachezeka kuliko efekti sita zinazopigana.

Ukitaka kuhariri kwa kweli, subiri MC ashike kipaza sauti. MC wa harusi zetu akianza kutambulisha kamati, una muda wa kurekebisha mashine, kubadilisha waya na kunywa maji. Funga volyumu ya gitaa ili sauti isitoke nje, kisha badilisha jambo moja. Moja tu. Kama ukumbi wote unanguruma, nenda kwenye ikwalaiza ya jumla, ile inayogusa pachi zote kwa pamoja, upunguze besi hapo. Kuhariri pachi mojamoja usiku huo ni kujichosha, na ukumbi wa kesho hautakuwa na mngurumo huo. Hifadhi. Inuka kabla MC hajafika kwa mweka hazina.

Shughuli ikiisha, kabla hujazungusha waya hata mmoja, piga picha ya kioo cha mashine na vitufe vyake kwa simu. Wiki inayofuata tafuta kompyuta, chomeka USB, nakili pachi zako zote, kwani mashine inaweza kufa na sauti zako zisife. Na uwe na daftari dogo la kumbi: ukumbi gani una bati tupu na unataka riverbu sifuri, upi una pazia zito na unakubali korasi zaidi, wapi soketi ya karibu na steji haina nguvu, kanisa gani spika zake za kushoto zimekufa. Ukirudi ukumbi uleule mwezi ujao, mashine yako itakuwa imekaa sawa kabla rapa hajamaliza kuhesabu moja mbili kwenye maiki.